Kususa

Chuo chetu kina korido moja ndefu na lifti isiyopanda.
Tuko wanafunzi mia mbili na kumi na tatu; ukikohoa maktabani Jumatatu,
Jumanne mpishi anakuwekea tangawizi.
Nje ni Nizwa: mlima wa kahawia, mitende,
kituo cha mafuta ambako karaki huletwa hadi dirisha la gari
na ambako, wallahi, falsafa imejadiliwa kuliko darasani.

Humu hatusomei kazi. Ndivyo wajomba wanavyosema
kila Ijumaa, wakipukuchua komamanga:
"Mwenzako Azza anasomea mafuta. Wewe je?"
Mimi nasoma historia kidogo, nyota kidogo,
Wayunani kidogo. Fasiri.
"Fasiri ya nini?"
Basi namimina kahawa.

Darasa la fasiri lina watu tisa na viti kumi.
Bi Raudha alituagiza: kila mtu aje na neno la kwao
lisilokubali kuvuka.
Dilmurad alileta la Kibaluchi, akalitamka mara tatu,
kila mara akitabasamu peke yake.
Musallam, mtu wa milima ya Dhofar, alileta la ukungu
unaposhika kope za ngamia.
Mimi nikaleta kususa.

Ni kukikataa kitu unachokitaka, nikasema,
ili ubembelezwe ukichukue.
"Ni hasira?"
Hapana. Mwenye hasira hula akashiba.
"Kiburi?"
Kiburi hakichungulii mlangoni.
Anayesusa, masikio yake yote mawili yamo jikoni.

Wakacheka. Wote isipokuwa Ghaniya,
mwenzangu wa chumba namba kumi na nne,
ambaye hiyo ilikuwa siku ya tatu
haigusi chai ya birika langu
kwa kuwa nilimwambia insha yake ina maneno mengi na wazo moja.
Alikuwa anakitazama kiyoyozi
kikidondosha maji kwenye ndoo ya rangi.

"Tupe mfano," akasema Bi Raudha.
Nilitaka kusema: yule pale.
Ulimi ukanipeleka kwa babu,
aliyeshuka Maskati na sanduku moja la bati
na asile shelisheli tena,
hata lilipoletwa kwa ndege, bichi, limefungwa kwenye kanga.
Hataki picha. Hataki barua.
Redio ikitaja Unguja anaizima,
kisha anakaa nayo mapajani.
Miaka arobaini na minane
alisusa kisiwa kizima,
akingoja kije kugonga mlango, kiseme:
njoo bwana, chakula kinapoa.

Safari hii hakucheka mtu.
Dilmurad alifunika kalamu yake.
"Na kisiwa?" akauliza Bi Raudha.
Kisiwa, nikasema,
kilikuwa na watoto wengi.

Saa tatu usiku abla Thuraya hufunga geti la dahalia,
huhesabu vichwa, hutia saini, huenda na funguo zake.
Ghaniya alikuwa amelala kauelekea ukuta,
lakini usingizi nimeusikia mara nyingi chumba kile, naujua;
ule haukuwa usingizi.
Nikachana karatasi ya daftari la nyota, nikaiegemeza kikombeni:

*Chai i juu ya meza, iliki nimeitia,*
*Kikombe kinakuwaza, mvuke wakulilia,*
*Wazo moja nilibeza, jingine nakupatia:*
*Mimi nakubembeleza, ila leo tu, sikia.*

Nikazima taa. Muda mrefu hakikutokea kitu,
ila ndoo na tone lake.
Halafu kitanda kikalia, simu ikawaka,
vidole vyake vikahesabu mizani kwenye blanketi,
nane, nane, akarudia, nane.

"Maneno mengi," akasema gizani,
"wazo moja."

Nikasikia akinywa.